Gari Nalo Limo Eda

Jumatatu, 17 Agosti 1959

Naandika kwa sababu nimekatazwa kupiga kelele. Mjane aliyemo eda hasemi kwa sauti, ndivyo alivyonambia wifi yangu Mwanawema leo asubuhi, na sauti yangu mimi Kazija binti Mjaka inafika Wesha bila ya posta. Haya, nitasema kwa kalamu. Kalamu haijawekewa eda.

Mume wangu Mbarouk, Mungu amrehemu, kachukuliwa na homa mwezi uliopita. Nyumba hii ya juu ya mlima, kando ya njia ya kushukia pwani ya Wesha, hapa Pemba, ni ya baba yangu, hakuna wa kunitoa. Alichoacha Mbarouk ni mikarafuu kidogo, ng'ombe mmoja, na gari. Gari ni la milango minne, si kubwa si dogo, rangi ya chai ya maziwa. Tulilinunua likiwa limeshazeeka mikononi mwa watu wengine. Alikuwa akilikodisha: wasafiri wa Wete, wagonjwa, maharusi. Tangu masika limesimama bandani, linakohoa, linavuja, mwenyewe akisema kesho nitalitengeneza. Kesho yake haikufika.

Kaka yake, Shaame, kaja jana kutoa pole kwa mara ya pili. Pole yenyewe ilikuwa hivi: "Shemegi, lile gari chuma tu. Limekufa kabla ya mwenyewe. Injini nitaichukua niifunge chomboni mwangu, kiende baharini bila ya tanga. Bodi nitakuachia ufugie kuku."

Ufugie kuku! Nikamjibu kutoka nyuma ya pazia: "Shemegi, hata arubaini haijafika unagawa mbavu za maiti?" Shangazi yangu Bi Masika, anayekaa nami humu eda, kanifinya paja mpaka nikanyamaza.

Sasa niandike jambo ambalo Shaame halijui. Mie gari naliendesha. Mbarouk alinifundisha kwenye njia ya shamba, asubuhi za mapema, na buibui langu mwilini. Wanawake wangapi wa huku wamejifungulia njiani kwa kuona haya kupanda gari na dereva mwanamume? Mbarouk alikuwa akisema, "Kazija, siku moja utawachukua wewe." Gari hili likiondoka, nitakuwa mtu wa kuletewa: niletewe unga, niletewe samaki, niletewe amri. Sitaki kuletewa.

Jumanne, 18 Agosti

Kuku kweli wanataga kiti cha nyuma. Nimewafukuza wote. Shaame asipate shahidi.

Jumatano, 26 Agosti

Leo nimefungua boneti. Banda limo ndani ya ua wangu, na ua ni nyumba, na nyumbani ndiko nilikoamriwa nikae. Nani atanambia nimevunja eda?

Kitabu cha gari kimo mle mle kwenye kisanduku cha mbele, cha Kizungu. Shule ya wasichana imenipa Kizungu cha kunitosha nusu ya kitabu, nusu nyengine nakisia. Kinasema mafuta ya injini yawe mazito wakati wa joto. Joto la wapi, la kwao au la kwetu? Kinasema matairi ya nyuma yatiwe hewa zaidi kuliko ya mbele. Ya kwetu yote manne yamekaa chini kama wazee barazani. Kinasema maji ya betri yawe safi yasiyo chumvi. Nimekinga ya mvua. Kinasema plagi ziwe na mwanya wa kipimo fulani cha inchi ambacho hata jina lake sikuliweza.

Nikamtuma Bi Masika amwite Nyange, fundi wa Wesha, rafiki wa marehemu. Kaja, kasimama nje ya ua wa makuti, maana si maharimu wangu. Mie ndani na spana, yeye nje na maneno.

"Bi Kazija, plagi mwanya wake ukucha wa kidole gumba. Na zile pointi zilizo ndani ya kile kikombe cheusi kinachogawa moto, pima kwa ganda la sigara. Likipita kwa taabu, hapo hapo."

"Ganda la sigara nitalipata wapi mie humu?"

Ikaruka pakiti tupu juu ya makuti, ikamwangukia Bi Masika kichwani. "Astaghfirullahi!" akasema. "Eda gani hii ya kurushiwa sigara!"

Nimepima. Limepita kwa taabu. Nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba, na sioni haya kuliandika hilo.

Ijumaa, 4 Septemba

Wachumaji wa karafuu wanapita njiani na pishi na majamvi, wanakwenda kupiga dago, kulala huko huko mashambani mpaka wamalize kuchuma. Msimu mkubwa mwaka huu, wanasema. Mie nimelala chini ya gari nakaza boliti ya sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Honi hailii.

Jumamosi, 12 Septemba

Rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, inavuja. Nimeitia maji, ikayatoa yote miguuni mwangu. Nyange, kutoka nyuma ya makuti: "Saga pilipili manga, utie humo. Itakwenda itafute tundu, ilizibe."

Bi Masika alikuwa jikoni, kasikia. "Pilipili manga? Na tui mtatia lini? Nikaweke wali?"

Lakini kasaga yeye mwenyewe, kwa kinu chake, na kanung'unika mpaka mwisho. Tumetia. Mpaka magharibi pamebaki tone moja moja tu. Shangazi yangu sasa anapita kila mara kulitazama tundu lile na kusema "Haya bwana," kama kwamba ndiye aliyeligundua.

Alhamisi, 17 Septemba

Maulidi yamekwisha, leo wamekuja kwa mirathi. Shehe Silima ndiye mgawaji, mzee wa maneno machache. Shaame na mashahidi wamekaa barazani. Mwanawema kakaa ndani pamoja nami, nyuma ya pazia, maana naye ni mrithi. Hatukuzaa, mie na Mbarouk, kwa hivyo fungu langu ni robo.

Mikarafuu ilikwenda vizuri. Ng'ombe akaenda vizuri. Likaja gari.

"Shehe," kasema Shaame, "lile si gari tena. Andika chuma. Bei ya chuma, mie nitalibeba, nimpunguzie shemegi adha ya kutazama kutu."

Nikasema: "Shehe, kwa bei hiyo hiyo ya chuma mie nalitaka. Litiwe katika robo yangu."

Kisha Shaame akacheka. "Chuma utakifanyia nini, shemegi?"

"Nitakiendesha. Halijafa. Litawaka." Nimesema kweli tupu, wazi, mbele ya mashahidi. Wamecheka wote ila Shehe.

Shehe kasema, wawili mnataka kitu kimoja, mnasemaje? Shaame hapo kicheko kilikuwa kimeshamlevya. "Shehe, mie nina ng'ombe wawili na kamba. Yeye ana Bi Masika. Basi atakayeweza kuliondosha bandani ndiye mwenyewe!"

"Umesema?" kauliza Shehe.

"Nimesema, na watu hawa wamesikia."

"Yeye yumo eda, hatoki. Kwa hivyo itakuwa asubuhi ya kutoka kwake. Ataanza yeye. Gari litoke kwa mkono wake, literemke mpaka pwani Wesha, lipande mlima huu kwa nguvu zake lenyewe lifike hapa. Likifika, limo katika robo yake. Likikwama popote, ng'ombe zako ziko tayari."

"Na bodi lake nitamwachia afugie kuku," kasema Shaame, wakacheka tena.

Mwanawema kanigeukia, kanambia polepole, "Umejitia aibu, Kazija. Ungelichukua ng'ombe." Mwanamke huyu simpendi.

Ijumaa, 18 Septemba

Kicheko cha Shaame nimekisikia tena leo, anapita njiani. Na acheke. Meno ni yake.

Jumanne, 6 Oktoba

Limewaka!

Betri ina moto wa cheche tu, haina nguvu ya kuizungusha injini. Kwa hivyo ni hendeli, ile ya chuma inayotiwa mbele. Nyange alinionya nje ya makuti: "Kidole gumba usikizungushie, Bi Kazija, likipiga kinyume litakuvunja mkono." Nimezungusha mpaka ushungi umeniporomoka. Likapiga chafya. Likapiga nyengine. Kisha likanguruma, banda zima likajaa moshi, kuku wakaruka mpaka juu ya paa, na Bi Masika kapiga kigelegele, halafu kakumbuka tumo msibani, kajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nililia. Ilikuwa sauti ya Mbarouk anarudi nyumbani.

Mwanawema, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya njia, kaja mbio. "Kelele gani hizi ndani ya eda ya kaka yangu?"

"Si mie niliyepiga kelele. Mie nimenyamaza tu. Lililonguruma ni chuma."

Kasimama, katazama lile gari linavyotetemeka. Nilidhani atatukana. Kavuka njia, karudi kwake.

Honi bado hailii. Panya wamekula waya, sijui wapi.

Jumamosi, 10 Oktoba

Wamekuja watu wa siasa kutaka gari la kuchukulia watu mkutanoni. Bi Masika kawajibu mlangoni, "Gari nalo limo eda." Wamekwenda zao.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Karafuu za watu zimeanikwa, watu wanakimbia na majamvi. Asubuhi nimezungusha hendeli. Halikuwaka.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua. Halikuwaka.

Jumatano, 21 Oktoba

Mvua. Halikuwaka. Adhuhuri jua limechomoza kidogo, likawaka kwa mzunguko mmoja. Kumbe si ugonjwa, ni unyevu. Kile kikombe cheusi kinatoka jasho ndani, cheche zinapotea njiani. Nakifuta kwa kitambaa, asubuhi yake kimelowa tena.

Nimemwita Nyange. Bi Masika karudi peke yake. Shaame kamkodi Nyange kutengeneza kitako cha injini chomboni mwake. Kitako cha injini yangu! Nyange kaniletea salamu: "Mwambie Bi Kazija mie fundi, nina watoto. Lakini injini yenyewe sitokwenda kuing'oa mie, Shaame akatafute mwengine."

Nilimtukana Nyange kutwa nzima. Usiku huu nimechoka, naona kwamba mtu aliyekataa nusu ya kazi ya Shaame si mtu mbaya sana. Nusu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mvua tangu alfajiri, siku ya kukata tamaa. Nguo hazikauki, chumvi imekuwa maji, mkeka unaota ukungu. Nimekaa jikoni namtazama Bi Masika anataka kukoka moto. Kachukua kibiriti, kapiga kijiti kimoja tu. Tuk! Kimewaka.

"Shangazi, kibiriti hiki umekitoa wapi? Nyumba nzima imelowa."

"Kimo mkebeni."

"Mkebe una nini?"

"Una karafuu. Karafuu kavu ina kiu, mwanangu, haikai na unyevu ila iunywe. Hujaona wenye maghala wezi? Wanaweka ndoo ya maji kati ya magunia yao, asubuhi ndoo imekauka na gunia limekuwa zito. Hilo nani asiyelijua Pemba hii?"

Nani asiyelijua! Mie nalijua tangu utoto. Nimekaa na karafuu maisha yangu yote, nikaenda kutafuta dawa ndani ya kitabu cha watu ambao hawajaona hata konyo lake, kijiti chake kimoja.

Nimepasua kanga kuukuu, nikashona kifuko, nikakijaza karafuu kavu za moto nilizozipasha juu ya kikaango. Nimekifunga juu ya kile kikombe na nyaya zake, boneti nikalifunika kwa jamvi.

Jumapili, 25 Oktoba

Mvua usiku kucha. Nimezungusha hendeli mara moja. Limewaka.

Tumekula wali wa nazi na pweza. Bi Masika anadai kuwa yeye sasa ni fundi, anataka na yeye arushiwe sigara.

Jumanne, 3 Novemba

Kila asubuhi: nafungua kifuko, nakausha karafuu juu ya kikaango, nazirudisha jioni. Mikono yangu imekuwa ya njano, nanukia karafuu mpaka kwenye nywele.

Na hilo ndilo lililoleta vita ya leo. Mwanawema kaingia, kanisogelea, pua ikamwinuka.

"Unanukia wewe!"

"Nanukia nini?"

"Karafuu. Umejitia manukato ndani ya eda. Kaka yangu hajakauka kaburini na wewe unajifukiza!"

Hapo nilisahau sauti, nilisahau kila kitu. "Wifi, huu ni msimu wa karafuu! Njia nzima imeanikwa karafuu. Mbuzi wananukia karafuu. Shehe akitoka msikitini ananukia karafuu. Kama hayo ni manukato basi Pemba nzima imevunja eda, nenda ukaihukumu! Na petroli je? Nayo nanukia. Niambie ni uturi wa nchi gani!"

Nimemkamata mkono, nimempeleka bandani, nimefunua boneti, nimemwonesha kifuko. Nikamweleza kinachofanya. Nikazungusha hendeli, likawaka mbele ya macho yake.

Mwanawema kakaa juu ya gogo. Kisha kasema, bila ya kunitazama: "Baba alipokufa, Shaame alinambia mikarafuu ya fungu langu imekauka, haizai. Aliniomba aikate kuni. Kila msimu nasikia watu wanachuma huko. Nikimuuliza, ananambia hayo ni makonyo tu."

"Hukwenda kuitazama mwenyewe?"

"Nani angenipeleka? Shamba lenyewe liko mbali, njia ya Wete." Kavuta pumzi. "Kila anachokitaka yeye hukiita kimekufa."

Nilitaka kumwambia, na wewe umenisumbua miezi yote hii kwa niaba yake. Sikumwambia. Nimemtilia chai. Kainywa yote, na tangawizi yake, wala hakunambia nipunguze sauti.

Alhamisi, 12 Novemba

Breki: ukikanyaga mara moja hakuna kitu, mara ya pili kidogo, mara ya tatu ndiyo. Kitabu kinasema nibadilishe mipira yake. Mipira ipi, na iko duka gani? Nitakanyaga mara tatu.

Jumapili, 22 Novemba

Hendeli haipo.

Nimetafuta banda zima, ua mzima, chini ya viti, ndani ya kisima. Jana Shaame alikuja "kumwombea dua marehemu", akaomba maji ya kutawadha, Bi Masika akaenda kuyateka. Mie nilikuwa ndani nasali. Dua gani hiyo inayoondoka na chuma chini ya kanzu!

Nimepiga ukuta ngumi. Nimesema maneno nisiyoyaandika. Betri haina nguvu ya kuizungusha injini. Bila ya hendeli gari limo kaburini kweli, na siku zimebaki chache.

Jumanne, 24 Novemba

Mwanawema kaja, macho yamemvimba. "Hendeli iko kwangu, uvunguni. Shaame kaileta, na kaniapisha kwa msahafu nisikupe wala nisikwambie iliko."

"Na umeshanambia."

"Kwa hilo nitafunga siku tatu, ni kafara yangu. Kukupa siwezi, Kazija. Nimevunja moja, la pili siwezi kulivunja."

Nilikasirika, tena sana. Halafu nikamtazama yule mwanamke mzima anavyotetemeka kwa kiapo alicholishwa na kaka yake, nikaona hasira yangu haistahiki kwenda kwake. Nimemwambia kaa na hendeli yako, tutaona.

Ijumaa, 27 Novemba

Mvua. Nafikiri. Banda langu liko juu, njia iko chini yake, na kutoka hapo ni mteremko mtupu mpaka Wesha. Gari likisukumwa kwa gia ya pili, ukiachia klachi, linawaka bila ya hendeli. Mbarouk alilifanya hivyo mara nyingi. Lakini yeye alikuwa akisukumwa na wanaume wanne, nami nina Bi Masika na magoti yake.

Na lisipowaka mteremkoni, nina breki za kukanyaga mara tatu.

Jumatatu, 30 Novemba

Mvua tangu asubuhi hadi saa hii. Nimepasha karafuu kwa mara ya mwisho, kifuko kikubwa zaidi. Nimetia maji rejeta. Nimepampu matairi, ya nyuma zaidi. Honi hailii na haitalia. Kesho.

Jumanne, 1 Disemba

Nataka kuandika yote.

Asubuhi wanawake walikuja kunitoa eda, kama ada: majirani, jamaa wa Wesha, wengine walivuka kutoka kisiwa cha Makoongwe tangu jana. Wamenikosha, wamenivisha kanga mpya, wamenitia wanja na udi. Nguo za eda kachukua Bi Masika. Ua ulijaa vicheko. Mvua ilikuwa imesita, lakini mawingu yalikuwa mazito na kila kitu kinatiririka.

Nje, Shehe Silima kakaa barazani na mashahidi wake. Shaame kaja na ng'ombe wawili, kamba begani, na watu wake wa chomboni. Nyange alikuwa nyuma yao, kainamisha kichwa.

"Haya, shemegi, tumekuja kumzika maiti wa pili!" kapiga kelele Shaame. "Au litawaka?"

Nimevaa buibui langu, nimepita katikati ya wanawake, nimefungua mlango wa gari, nimekaa nyuma ya usukani. Wengi wao hawakujua kwamba naendesha. Mmoja kasema, "Kazija, dereva yuko wapi?"

"Unamtazama."

Nikatoa kichwa. "Enyi wanawake wenzangu! Hendeli imeibiwa. Mnalisukuma mpaka njiani, au nishuke nikamfugie Shaame kuku?"

Hakuna aliyetikisika. Kusukuma gari, na mabuibui, mbele ya wanaume wote wale! Nilihesabu nyuso zilizoinama.

Mwanawema ndiye aliyetoka. Kajifunga buibui kiunoni, kaja nyuma ya gari. Shaame kamwona kupitia mlango wa ua. "Mwanawema! Si nilikuapisha wewe?"

"Umeniapisha hendeli," kajibu, na sauti yake ilifika barazani vizuri sana. "Nayo iko uvunguni kwangu, nenda kaitazame, sijaigusa. Mikono hukuniapisha."

Shehe Silima kamgeukia Shaame, kamtazama. Shaame ndiye aliyeangalia chini.

Hapo zikaja kanga, yakaja mabuibui, ikaja mikono. Bi Masika kaegemeza bega akiita "Bismillahi!" Gari likatoka bandani kwa kigelegele, likapita mlango wa ua, likakata kona, pua ikatazama Wesha. Nilifungua dirisha nikawaambia, "Achieni!"

Likashuka. Gia ya pili, klachi nimeikanyaga, upepo unaingia, kasi inaongezeka. Nikaachia klachi. Gari likatikisika, likakohoa, hakuna. Nikakanyaga, nikaachia tena. Hakuna. Njia imelowa, kona ya mnazi inakuja, breki ya kwanza hakuna, ya pili kidogo. Nikasema, "Mbarouk, usinifanyie hivi leo." Nikaachia kwa mara ya tatu.

Limewaka. Karafuu zilikuwa zimekunywa mvua yote ya usiku.

Nimefika Wesha. Watu wa pwani wameacha samaki chini wananitazama. Nimegeuza mbele ya chombo cha Shaame, kitako kipya cha mbao kiko wazi kinangoja injini. Nikakanyaga mafuta, nikakipita.

Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi. Gia ya kwanza, rejeta inachemka, moshi unatoka ubavuni, klachi inanuka. Kitabu kinasema ukiona mvuke usimame. Kitabu hakikuwa na Shaame juu ya mlima. Sikusimama. Nililisemesha njia nzima, na sitaandika niliyoliambia.

Karibu na kilele naona ng'ombe wawili wamesimama katikati ya njia, na Shaame mwenyewe kati yao, na kamba. Wanaume wote wako pembezoni. Wanawake wako juu, mlangoni mwa ua, wanapiga vigelegele. Nikisimama hapo, sitaondoka tena, mlima utanirudisha Wesha kinyumenyume. Shaame analijua hilo. Nyange anamvuta kanzu, yeye hataki.

Nikabonyeza honi. Haikulia. Nikabonyeza tena. Kimya.

Basi nikatoa kichwa chote dirishani, na ile sauti yangu niliyofungiwa tangu Agosti nikaifungulia yote, nadhani hata Wete wameisikia:

"Pembeni, shemegi! Maiti anapita!"

Ng'ombe ndio waliotangulia kuruka. Shaame kawafuata.